Meli ya Muziki Ukiwa Kisumu: Jinsi ya Kuilipia, na Kama Inafaa Pesa Zake

Dola 1,400. Hiyo ndiyo bei iliyotua kwenye grupu yetu ya WhatsApp Jumapili moja jioni, ikiwa na picha ya meli ndefu yenye jukwaa kando ya bwawa la kuogelea. Sisi ni wapenzi wa rege wa Kondele na Manyatta: mwalimu, fundi wa simu, dada mwenye duka la vitenge Kibuye, jamaa mwenye bodaboda tatu, na wengineo. Mimi ndiye mweka hazina. Kabla taarifa ya habari ya saa moja haijaisha, watu wanane walikuwa wameandika "nihesabuni". Nikapiga hesabu kwa shilingi 130 kwa dola nikapata 182,000. Si pesa kidogo, lakini mtu akijibana miaka miwili anaifikia.

Miezi kumi na minne baadaye, waliopanda meli hiyo kutoka kwenye grupu walikuwa watatu, na daftari langu lilionyesha kwamba kila mmoja wetu ametumia 541,450. Karibu mara tatu ya ile bei ya kwenye picha. Sijutii safari yenyewe. Ninachojutia ni mpangilio: tulianza na mambo ambayo yalipaswa kuja mwisho. Basi nitayapanga hapa yanavyofaa kupangwa.

Kwanza, fahamu unachonunua

Meli yoyote ya kitalii ina wanamuziki. Kuna bendi ya kutumbuiza watu wakila, na mtu wa kinanda kwenye baa. Hiyo siyo habari yetu. Ninayozungumzia ni meli iliyokodiwa nzima nzima na mwandaaji wa matamasha, kuanzia chini hadi juu, kwa siku nne au tano hivi. Abiria wote, elfu mbili au tatu au zaidi, wamefuata muziki wa aina moja. Wasanii nao wanalala humo humo, wanakula humo humo, na asubuhi unaweza kujikuta kwenye foleni ya mayai nyuma ya mpiga besi aliyekukesha jana.

Biashara hii imekomaa Marekani. Kampuni ya Sixthman ilianza safari zake mwaka 2001. Jam Cruise ilifuata mwaka 2004, na wapenzi wa muziki wa metali wakapata 70000 Tons of Metal mwaka 2011, ambayo siku hizi huwa na bendi zipatazo 60 ndani ya meli moja. Sisi watu wa rege tulifikiwa mwaka 2014, Damian Marley alipoanzisha Welcome to Jamrock Reggae Cruise, inayotoka Florida kwenda Jamaika na kurudi. Meli niliyopanda mimi sitaitaja, maana nina malalamiko mawili matatu nayo.

Kukodiwa huko kuna matokeo ambayo wengi huyagundua wakiwa wamechelewa. Mwenye meli si mwenye tiketi. Ukiwapigia kampuni ya meli kuuliza chumba, watakuelekeza kwa mwandaaji. Punguzo walizotangaza kwa safari zao za kawaida hazikuhusu, na masharti ya kurudishiwa pesa ni ya mwandaaji, ambayo huwa makali kuliko ya meli. Mwandaaji ameshalipia vyumba vyote, kwa hiyo kila chumba kinachobaki wazi ni hasara yake yeye, na hana moyo wa kukuhurumia.

Na kwa nini meli hizi husimama Bahama, Jamaika au Meksiko, hata kama nyinyi hamna haja ya kushuka? Ni sheria ya Marekani ya mwaka 1886. Meli yenye bendera ya nchi nyingine, na nyingi kati ya hizi ndivyo zilivyo, haiwezi kuchukua abiria Miami, kuwazungusha baharini na kuwarudisha Miami bila kutia nanga nchi nyingine. Inaonekana jambo dogo la wanasheria, lakini ndilo linalogeuza swali la viza, kama utakavyoona.

Viza kabla ya senti moja

Hapa ndipo tulipojikwaa. Kati ya wale wanane, sita walitoa arbuni ya dola 300 kila mmoja ndani ya wiki ya kwanza, kwa sababu tangazo lilisema vyumba vinakwisha. Kweli vilikuwa vinakwisha. Miadi ya mahojiano ya ubalozi wa Marekani kule Gigiri, Nairobi, ikaja miezi minne baadaye, na watatu wakakataliwa. Fundi wa simu alitusimulia kwamba alisimama dirishani dakika mbili hivi. Aliulizwa anaenda kufanya nini, akasema kusikiliza muziki. Akaulizwa anafanya kazi gani, akasema anatengeneza simu. Akapewa karatasi yenye kifungu cha 214(b).

Kifungu hicho kinasema hivi kwa lugha ya nyumbani: kila anayeomba viza ya matembezi anahesabiwa kuwa anataka kuhamia Marekani mpaka athibitishe vinginevyo. Kwenda kusikiliza muziki si kosa. Kosa ni kwenda dirishani bila jibu fupi la swali ambalo halijaulizwa: kitakachokurudisha Kisumu ni nini? Fundi yule ana kibanda chenye leseni ya kaunti, ana vijana wawili anaowalipa, ana shamba Nyakach. Hakusema hata kimoja. Mwalimu alisema yeye ni mwajiriwa wa TSC, tume inayoajiri walimu, ana ruhusa ya likizo, na muhula unafunguliwa Januari, akapita.

Mpangilio sahihi ni huu. Hakikisha pasipoti ina miezi sita zaidi ya siku ya kurudi. Ofisi ya uhamiaji ya hapa Kisumu hupokea maombi, huna haja ya kukimbilia Nairobi kwa hilo. Jaza fomu ya DS-160, lipa ada, ambayo kwetu ilikuwa dola 185 na hairudishwi hata ukikataliwa, kisha ungoje miadi. Foleni inaweza kuwa ya miezi mingi. Huhitaji tiketi ya meli wala ya ndege ili uombe viza, na ubalozi wenyewe huwashauri watu wasikamilishe mipango ya safari kabla viza haijatoka. Ukiikosa safari ya mwaka huu kwa sababu ya foleni, ipo ya mwakani. Matamasha haya hurudi karibu kila mwaka.

Viza ikitoka, isome palipoandikwa idadi ya kuingia. Unatafuta herufi M, yaani kuingia mara nyingi. Kumbuka ile sheria ya 1886: meli itatoka Marekani, itatia nanga nchi nyingine, kisha itarudi. Kurudi huko ni kuingia upya, na utasimama mbele ya ofisa wa uhamiaji kama ndiyo kwanza umeshuka kutoka Nairobi. Mwenye viza ya kuingia mara moja atakuwa ameshaitumia uwanja wa ndege.

Kila nchi ambayo meli itasimama ina masharti yake pia. Mwandaaji atakwambia hayo ni juu yako, na ni kweli, yako kwenye mkataba. Jambo moja wanalolisahau watu wetu ni kadi ya manjano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na nchi kadhaa za Karibiani huidai kwa wanaotoka huku. Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 kadi inatambuliwa kwa maisha yote. Dada wa vitenge alikuwa na yake ya safari ya zamani, imekunjika ndani ya Biblia. Ilikubalika.

Kuchagua chumba

Bei unayoiona ni ya mtu mmoja, wawili wakilala chumba kimoja. Ukitaka kulala peke yako utalipa karibu ya watu wawili. Vyumba vya watu watatu au wanne hushusha bei ya kila kichwa, lakini ni vichache na ndivyo hutangulia kwisha. Kitanda cha tatu mara nyingi hushushwa kutoka darini. Kama una kilo zako, muachie kijana.

Mpangilio wa bei hautofautiani sana: chumba cha ndani kisicho na dirisha ndicho cha chini, kisha chenye dirisha, kisha chenye roshani, kisha vile vya mabwana. Kwa safari ya muziki mimi nasema chukua cha ndani bila kuona haya. Onyesho la mwisho lilikuwa linaisha saa tisa usiku, tunalala hadi saa nne asubuhi, na chumba kisicho na dirisha kina giza la kaburi. Tulikuwa na mwalimu humo siku tano na hatukuwahi kukaa macho nusu saa nzima. Roshani ungeilipia mamia ya dola ili uanike taulo.

Ila angalia ramani ya meli kabla ya kubonyeza. Epuka chumba kilicho chini kabisa ya bwawa, kwa sababu hapo ndipo jukwaa kubwa hufungwa na besi hushuka kupitia chuma. Epuka pia kilicho juu au chini ya ukumbi wa disko. Kama unalewa bahari, chagua katikati ya meli na sitaha za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Mtu aliyewahi kuvuka kutoka Mbita kwenda Mfangano siku ya upepo anajijua.

Kulipa, na maandishi madogo

Walioshiriki mwaka uliotangulia hufunguliwa mlango kwanza, kisha umma, kisha orodha ya kungojea. Usiidharau orodha hiyo. Watu hujitoa kila awamu ya malipo inapofika, na chumba kinaweza kukujia miezi miwili kabla ya safari, wakati viza yako iko tayari mkononi.

Ukishapata nafasi unatoa arbuni, kisha unalipa kwa awamu hadi siku ya mwisho, ambayo huwa wiki kadhaa au miezi michache kabla ya kuondoka. Awamu ni rafiki wa mtu wa chama. Lakini awamu moja ikipita bila malipo, wanaweza kukufuta na kubaki na ulichokwisha lipa. Tulichofanya ni kukusanya kwa M-Pesa kila tarehe 28, na mimi nalipa kwa kadi ya benki tarehe 2. Kabla ya malipo ya kwanza, piga simu benki uwaambie wafungue kadi kwa malipo ya intaneti ya nje na wapandishe kikomo. Yangu ilikataa mara mbili, na ya tatu ikafungwa kabisa kwa kushukiwa wizi. Benki pia itabadilisha fedha kwa bei yake, si ile unayoisoma gazetini, kwa hiyo weka nyongeza ya asilimia chache.

Sasa kipengele ambacho laiti tungekisoma usiku ule wa Jumapili: kubadilisha jina. Waandaaji wengi hawarudishi pesa, lakini wanakuruhusu umpe mtu mwingine nafasi yako kwa ada, hadi tarehe fulani. Ada yetu ilikuwa dola 100. Tulipokigundua kipengele hicho zilikuwa zimebaki siku tisa. Dada wa vitenge akampigia binamu yake aliyeko Atlanta, ambaye alichukua nafasi moja. Nafasi nyingine mbili hatukupata mtu. Dola 600 zikaenda, yaani 78,000 za jamaa wa bodaboda na fundi wa simu, na kikao cha grupu kilichofuata sitaki kukisimulia.

Wenzi wa chumba ni jambo la kukaa chini na kulizungumza mapema. Mwenzako akijitoa, chumba hakijui. Kinadai malipo ya watu wawili. Andikeni, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, kwamba anayejitoa ndiye atakayetafuta wa kuziba.

Na jihadhari na mawakala wa mitandaoni. Mtu anayekuuzia nafasi ya meli na kukutaka utume pesa kwa namba yake binafsi ya simu hana nafasi ya meli.  Tiketi hununuliwa kwenye tovuti ya mwandaaji, kwa jina lako lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Daftari langu

Hizi ndizo hesabu za mtu mmoja, kwa dola, jinsi zilivyotoka mfukoni. Nauli ya chumba cha ndani 1,400. Kodi na ada za bandari, ambazo huonekana ukifika ukurasa wa mwisho, 260. Bakshishi ya wahudumu, ambayo hukatwa kwa lazima kila siku, 90 kwa usiku tano. Kiwango kwenye meli nyingi ni kati ya dola 16 na 20 kwa kichwa kwa siku. Vinywaji na intaneti, 230. Viza 185. Ndege kutoka Nairobi hadi Miami na kurudi, 1,450. Hoteli usiku mbili, tukigawana, 160. Teksi na chakula nchi kavu, 120. Bima ya safari 70. Kwenda Nairobi na kurudi mara mbili, mara ya mahojiano na mara ya safari, 200. Jumla 4,165.

Chakula cha ukumbi mkuu na cha kujipakulia kimo ndani ya nauli, na maonyesho yote pia, hakuna tiketi ya ziada mlangoni. Soda haimo. Bia haimo. Kila kinywaji kinaongezwa asilimia 18 hadi 20 ya huduma juu ya bei, na bei yenyewe si ya Kondele. Chai, kahawa na maji ya kwenye ukumbi ni bure, nasi tulivitumia kama watu wenye akili. Usiweke simu yako kwenye mtandao wa simu wa meli, utarudi na deni. Izime data na uiache kwenye hali ya ndege tangu bandarini.

Kufika

Meli haingoji. Ndege ya Kisumu ikichelewa Nairobi, na ya Nairobi ikachelewa New York, utaiona meli yako ikiwa kijidoa. Fika Miami angalau siku moja kabla, na kwa mtu anayetoka huku mimi nasema mbili. Kenya Airways huenda New York moja kwa moja tangu Oktoba 2018, kisha unaunganisha kwenda Florida. Njia za kupitia Ulaya au Ghuba wakati mwingine ni nafuu, ila uliza habari ya viza ya kupitia. Nunua miguu yote kwa tiketi moja. Ukinunua vipande, kipande cha kwanza kikichelewa hakuna wa kukubebea lawama.

Msimu wa vimbunga wa Atlantiki ni Juni hadi mwisho wa Novemba. Kimbunga kikitokea, nahodha hubadilisha njia, na mkataba unamruhusu bila kukurudishia kitu. Sisi tulinyimwa bandari moja kwa sababu ya upepo. Safari nyingi za muziki huwekwa Januari hadi Machi, nje ya msimu wa vimbunga, lakini kwa walimu na wenye watoto shuleni huo ni muhula wa kwanza. Yetu iliangukia likizo, ndiyo maana mwalimu aliweza kuja.

Ndani

Kitu cha kwanza ni zoezi la usalama, na halikwepeki. Utaonyeshwa kituo chako na jinsi ya kuvaa jaketi okozi. Baada ya hapo chukua ratiba ya maonyesho na kalamu. Wasanii wengi hupiga mara mbili, mara moja kwenye jukwaa la bwawa na mara moja kwenye ukumbi wa ndani, kwa hiyo wakigongana wawili unaowapenda, tafuta yule atakayerudia. Jukwaa la nje lina upepo, muziki unapeperuka. Ukumbi wa ndani ndio wenye sauti. Niliona msanii yule yule usiku wa kwanza nje na wa tatu ndani, ungedhani ni watu wawili.

Siku ya bandari, wakati watu wote wameshuka kununua fulana, baki melini. Tulibaki mara moja, tukawakuta wapiga ngoma watatu wamekaa kwenye viti vya jua, hawana kazi. Mwalimu akawaambia anatoka kwenye ziwa linalopakana na nchi tatu. Mmoja akauliza watu wa huko wanapiga nini. Mwalimu akachukua trei mbili za plastiki na kijiko akawapigia ohangla, ngoma ya Wajaluo, vibaya, na wao wakaanza kuifuata kwenye mapaja yao. Ilidumu labda dakika nne. Nimejaribu kuiwekea bei kwenye daftari nikashindwa.

Je, inafaa?

Nilihesabu maonyesho niliyoyaona hadi mwisho: 14. Gawa 4,165 kwa 14, ni karibu dola 300 kwa kila onyesho, yaani shilingi 39,000 hivi. Binamu wa Atlanta aliona maonyesho 14 hayo hayo. Yeye hakulipa viza wala ndege, aliendesha gari hadi Miami na rafiki yake, na hata ukiongeza mafuta na ada ya kubadilisha jina, kila onyesho lilimgharimu nusu ya letu. Kwake ni biashara nzuri bila ubishi: kitanda, chakula na tamasha kwa bei ambayo wikendi ya tamasha la nchi kavu na hoteli ingekaribia kuila.

Kwa mtu wa Kisumu jibu langu linategemea idadi moja. Chukua orodha ya wasanii, weka alama kwa wale ambao ungepanda matatu hadi mjini usiku, mvua ikinyesha, kwenda kuwasikiliza. Wakiwa saba au zaidi, anza kuweka akiba. Wakiwa wawili, ngoja mmoja wao aje Nairobi. Usiende kwa ajili ya visiwa. Kila bandari utaiona kwa saa sita, nyingi zikiwa maduka ya mikufu. Usiende kwa kukopa pia. Mkopo wa saccos za hapa utaulipa miaka mitatu, na mnamo mwaka wa pili utauchukia muziki wenyewe.

Kuna njia ya kati. Tangu Januari 2023 Wakenya wanaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90 kwa mwaka, na kwa misimu mingi meli za kitalii zimekuwa zikitoka Durban na Cape Town kati ya Novemba na Aprili hivi. Nyingi ni safari fupi za kawaida, na zenye mada ya muziki hutokea mara mojamoja, lakini ukiipata utakuwa umefuta mistari miwili ya daftari langu: ada ya viza na sehemu nzuri ya ndege.

Au ukodi yako mwenyewe, Dunga

Wale waliobaki hawakukaa na kununa. Desemba ile walikodi mashua ya watu 20 pale Dunga, ufukwe wa ziwa hapa Kisumu, kwa saa tatu, shilingi 12,000. Jenereta na spika 5,000. Kikundi cha ohangla cha watu watano, 20,000. Ngege wa kukaanga na ugali kwa 800 kila mmoja. Jumla 53,000, yaani 2,650 kwa kichwa. Kwa pesa zangu za Miami ningeenda Dunga mara 204.

Ukitaka kufanya hivyo, patana bei ufukweni asubuhi, si jioni watalii wakiwa wamejaa. Omba kuona leseni ya chombo kutoka Mamlaka ya Bahari ya Kenya na idadi ya abiria iliyoruhusiwa, kisha hesabu jaketi okozi moja moja kwa mkono wako. Wanamuziki ni abiria, nao wanahesabiwa. Angalia gugu maji siku hiyo hiyo. Upepo ukilisukuma ndani ya Ghuba ya Winam upande wa mji, asubuhi njia iko wazi na alasiri injini imefungwa kama imetiwa kwenye sufuria ya sukuma. Ondokeni saa tisa, mrudi kabla ya giza, maana dhoruba za ziwa hili hupenda jioni na hazipigi hodi.

Jambo la mwisho ni uzito. Walifika na spika mbili ndefu za kusimama, wakazifunga mbele, juu ya ubao, zionekane kwenye video. Nahodha, mzee wa makamo mwenye kofia ya Gor Mahia, alizunguka mashua mara moja akasema injini hatawasha. Wakamwambia wamelipa. Akasema anajua wamelipa, lakini watu 20 wakihamia upande mmoja kucheza na mzigo ule uko juu, yeye ndiye atakayeulizwa. Spika moja ikashushwa hadi sakafuni katikati, ikalazwa na kufungwa kamba. Ya pili ikabaki ufukweni chini ya mwembe, mtoto wa muuza samaki amekaa juu yake akiwapungia.